Dakika za Mzee

Mzee asiyeweza kujigeuza kitandani hugeuzwa kila baada ya saa mbili hivi, mchana na usiku. Asipogeuzwa, ngozi ya kisigino, ya nyonga na ya chini ya kiuno hubadilika rangi, huiva, kisha hupasuka, na kidonda kilichoanza kama sarafu huchimba mpaka mfupa ukaonekana. Kazi yenyewe haina maajabu. Watu wawili wanasimama huku na huku, wanavuta shuka la katikati, wanamlaza ubavu, wanakagua ngozi, wanabadilisha pampasi ikiwa imelowa, wanatia mto nyuma ya mgongo na mwingine kati ya magoti, wanamfunika. Sasa fikiria ghorofa moja ya makao ya wazee yenye watu 30 na wahudumu wawili wa zamu ya usiku. Ikiwa 15 kati yao ni wa kugeuzwa, na kila mmoja anachukua dakika 8, mzunguko mmoja unakula saa mbili kamili. Anapomalizwa wa 15, wa kwanza zamu yake imeshafika. Hapo hakuna aliyeomba maji, hakuna aliyeanguka akienda chooni, hakuna aliyeamka saa 8 usiku akimwita mkewe aliyefariki miaka kumi iliyopita. Kengele ikilia chumba cha mbele, ama inaachwa ilie, ama mzee wa chumba hiki anaachwa nusu uchi.

Nimeanza na hesabu hiyo kwa sababu mijadala mingi kuhusu makao ya wazee yaliyobinafsishwa huanzia kwenye tabia za watu: tajiri mwenye tamaa, mhudumu mwenye roho mbaya, mtoto asiye na shukrani. Watu hao wapo, lakini hawatoshi kueleza kwa nini kashfa ileile hujirudia katika nchi zenye sheria, dini na utajiri tofauti. Hoja yangu ni nyepesi zaidi, na kwa maoni yangu inatisha zaidi. Makao ya wazee huuza kitu kimoja tu, nacho ni dakika za mikono ya binadamu. Kitanda, bustani na televisheni ya ukumbini ni nyongeza. Kiwanda cha sabuni kinaweza kununua mashine mpya kikatengeneza vipande maradufu kwa wafanyakazi walewale. Hakuna mashine itakayomlisha uji mwenye kiharusi haraka maradufu bila kumpalia. Kwa hiyo mwekezaji anayetaka faida inayokua kila mwaka ana mabomba machache ya kuichota: apunguze dakika, apunguze mshahara wa mwenye dakika, apunguze kinachotumika ndani ya dakika hizo, yaani chakula na pampasi, au aache utunzaji ujiendee na kucheza na ardhi na majengo. Karibu kila kashfa kubwa ya miaka 30 iliyopita ni moja ya mabomba hayo, au yote kwa pamoja.

Uingereza ilitangulia, na kisa chake kinaanza na jengo. Katika miaka ya 1980 fedha za hifadhi ya jamii ziliruhusiwa kulipia wazee katika makao ya watu binafsi, na makao hayo yakaota kama uyoga. Sheria ya 1990 ikahamishia jukumu la malipo kwa halmashauri na kuzisukuma kununua huduma badala ya kuiendesha zenyewe. Waliokuja kununua mwanzoni walikuwa wauguzi wastaafu na wanandoa wenye nyumba kubwa. Waliofuata walikuwa wenye fedha. Kampuni ya Southern Cross ilinunuliwa mwaka 2004 na Blackstone, kampuni ya mitaji ya Marekani, na mwaka 2006 ikapelekwa kwenye soko la hisa. Mtindo ulikuwa huu: nyumba zinauzwa kwa mwenye ardhi, kisha kampuni ya utunzaji inazikodi nyumba zilezile zilizokuwa mikononi mwake jana, kwa mkataba mrefu wenye kodi inayopanda kila mwaka. Fedha za mauzo zinaonekana kama faida, hisa zinapaa, waliowahi kuuza wanaondoka na chao. Halafu halmashauri zikabanwa na bajeti baada ya msukosuko wa fedha wa 2008, malipo kwa kila mzee yakasimama, na kodi ikaendelea kupanda kama ilivyoandikwa. Mwaka 2011 Southern Cross, yenye makao zaidi ya 750 na wazee wapatao 31,000, ilianguka. Wazee hawakutupwa barabarani. Wenye majengo na kampuni nyingine waligawana makao. Lakini kwa wiki kadhaa watu wenye miaka 85 na 90 walisikia kwenye habari kwamba nyumba wanamolala haijulikani ni ya nani. Mwaka 2019 kampuni nyingine kubwa, Four Seasons, iliyonunuliwa mwaka 2012 kwa pauni milioni 825 nyingi zikiwa za mkopo, ikaingia mikononi mwa wafilisi. Mzee analipa ada, sehemu ya ada inakwenda kulipa deni la kumnunua yeye mwenyewe.

Lugha yetu ilishalinusa jambo hili zamani. Watanzania walipofundishwa neno ubinafsishaji katika miaka ya 1990, wakati viwanda, mabenki na mashirika ya umma yalipowekwa sokoni, wengi hawakukosa kuona kwamba limetoka tumbo moja na ubinafsi. Utani huo si hoja, na mashirika mengine yaliyouzwa yalikuwa mizigo kweli. Lakini mkataba uliokabidhi maji ya Dar es Salaam kwa kampuni binafsi, uliovunjwa mwaka 2005 kabla haujafikisha miaka miwili, ulifundisha somo linalofaa hapa: bidhaa ambayo mnunuzi hawezi kuikataa wala kuihama haiuzwi kama nyanya.

Ufaransa inatupa picha ya karibu zaidi, kwa sababu huko haikuwa suala la makao ya bei rahisi. Januari 2022 mwandishi wa habari Victor Castanet alichapisha kitabu kuhusu kampuni ya Orpea, iliyokuwa na makao na kliniki zaidi ya 1,000 katika nchi nyingi. Kitabu kilianzia kwenye makao ya kifahari ya Neuilly-sur-Seine, kitongoji cha matajiri kando ya Paris, ambako chumba kililipiwa kuanzia takribani euro 6,500 kwa mwezi hadi 12,000. Humohumo, kwa maelezo ya wafanyakazi aliowahoji, pampasi zilipimwa kwa idadi, tatu kwa siku, hata kama mzee ana tumbo la kuhara. Biskuti pia zilihesabiwa. Kampuni ilikana. Serikali ikatuma wakaguzi wake, nao, bila kuunga mkono kila neno la kitabu, wakaeleza mfumo uliotanguliza matokeo ya fedha, vipimo vya chakula visivyotosha, na fedha za umma zilizotengwa kwa uuguzi ambazo hazikutumika zote kwa uuguzi. Hisa zikaporomoka, deni la zaidi ya euro bilioni 9 likafunuka, na mwishoni mwa 2023 kundi lililoongozwa na taasisi ya fedha ya serikali, Caisse des Dépôts, likachukua umiliki. Kampuni ilibadilishwa jina mwaka 2024. Angalia bei ya chumba tena. Wanaosema tatizo ni umaskini wa mlipaji wanapaswa kueleza jinsi euro 12,000 zinavyoshindwa kununua pampasi ya nne.

Hata hivyo ni Australia inayotuonyesha kwa usahihi uzi ulipokatika. Kabla ya 1997, ruzuku ya serikali kwa makao ya uuguzi ilikuwa na mafungu. Fungu la uuguzi na huduma ya mwili lilipaswa kutumika kwa kazi hiyo, na mwenye makao alitoa hesabu. Kilichobaki kilirudi serikalini. Lilikuwa kufuli lenye usumbufu, na wenye makao walilichukia. Sheria ya utunzaji wa wazee ya 1997 ililiondoa: mwenye makao akapewa fedha kulingana na hali ya mzee, akaachwa atumie kwa busara yake. Hapo dakika ziligeuka kuwa akiba. Kila dakika isiyotolewa ikawa fedha iliyobaki, na aliyepunguza wauguzi wenye leseni akaweka wahudumu wenye mafunzo ya wiki chache hakuwa amevunja sheria yoyote. Zaidi ya miaka 20 baadaye, tume ya kifalme ya uchunguzi iliyoundwa mwaka 2018 iliipa ripoti yake ya awali jina la neno moja, lenye maana ya kutelekezwa. Ilikusanya ushahidi wa vidonda vilivyooza, wazee waliotulizwa kwa dawa za akili au kufungwa kwenye viti kwa sababu hakukuwa na wa kuwaangalia, na chakula. Utafiti mmoja uliochapishwa siku hizo ulikuta makao yakitumia wastani wa takribani dola 6 za Australia kwa malighafi ya chakula cha mzee mmoja kwa siku, katika nchi ambako kikombe cha kahawa kinakaribia dola 5. Tume ilimaliza kazi Machi 2021 na mapendekezo 148. Lenye uzito kuliko yote lilikuwa kurudisha hesabu ya dakika. Tangu Oktoba 2023 makao yalitakiwa kutoa wastani wa dakika 200 za huduma kwa kila mzee kwa siku, na tangu Oktoba 2024 dakika 215, ambazo 44 ziwe za muuguzi mwenye leseni. Takwimu hutangazwa makao kwa makao, na makao mengi bado hayafiki. Lakini sasa jirani anaweza kusoma.

Mtu makini ataniuliza hapa: unaokota mizoga tu, je, kwa wastani hali ikoje? Ni swali la haki. Mwaka 2009 jarida la kitabibu la BMJ lilichapisha mapitio ya tafiti 82 zilizolinganisha makao ya faida na yasiyo ya faida. Katika tafiti 40, kila tofauti yenye uzito wa kitakwimu ilielemea upande wa yasiyo ya faida, katika 3 ilielemea upande wa faida, zilizobaki zilichanganyika. Marekani, wachumi waliofuatilia wagonjwa wa muda mfupi katika makao yaliyonunuliwa na kampuni za mitaji binafsi walikuta uwezekano wa kufa ukipanda kwa takribani asilimia 10, pamoja na kupungua kwa wauguzi na kuongezeka kwa dawa za kutuliza akili. England, kati ya makao 816 yaliyofungwa kwa nguvu na mkaguzi wa serikali kati ya 2011 na 2023, 804 yalikuwa ya faida. Hata ukikumbuka kwamba makao mengi nchini humo ni ya faida, uwiano huo hauelezeki kwa wingi peke yake. Upande wa pili una lake. Utafiti wa Sweden wa 2011 ulikuta makao ya binafsi yakiwa na wafanyakazi pungufu kwa kama asilimia 9 kwa kila mzee, lakini yakifanya vizuri zaidi kumshirikisha mzee katika mpango wa huduma yake, kumpa uchaguzi wa vyakula, na kutoacha saa nyingi mno kati ya chakula cha jioni na staftahi. Matokeo hayo nayaamini, na yanaijenga hoja yangu kuliko kuibomoa: kampuni inajua kupanga menyu na kujaza fomu. Kisichopatikana kwa werevu wa kupanga ni mikono, na mikono ndiyo iliyopungua.

Pingamizi zito kuliko hilo ni la historia. Nani alisema serikali ilikuwa bora? Peter Townsend, mwanasosholojia wa Uingereza, alizunguka taasisi 173 za wazee na mwaka 1962 akachapisha The Last Refuge, kitabu kuhusu mabweni ya halmashauri yaliyorithi majengo ya zamani ya kufungia maskini: vitanda vimepangwa kama kambini, nguo za pamoja, mzee hana hata kabati la kuweka picha ya wanawe. Na huko Australia, kashfa iliyofungua mlango wa tume ya kifalme haikutoka kwa mwekezaji yeyote. Ilitoka Oakden, kituo cha wazee wenye maradhi ya akili kilichokuwa cha serikali ya jimbo la Australia Kusini, kilichofungwa mwaka 2017 baada ya miaka ya wazee kupigwa, kufungwa na kupewa dawa kupita kiasi. Msomaji aliyewahi kuingia makao ya wazee ya serikali kwetu, yale yenye historia ya kambi za wakoma na wasiojiweza, hahitaji kukumbushwa kwamba bendera ya taifa mlangoni haimgeuzi mtu kitandani. Nalikubali pingamizi hili lote, isipokuwa hitimisho lake. Oakden ilioza kwa sababu hakuna aliyehesabu na hakuna aliyeingia kutazama. Familia zilizolalamika zilijibiwa na ofisi ileile iliyolalamikiwa. Umiliki wa umma bila kufuli la dakika huangukia uzembe. Umiliki wa faida bila kufuli hilo huangukia ukamuaji, na tofauti kati ya viwili hivi si ndogo: mzembe hana sababu ya kuzidisha, mkamuaji analipwa kwa kuzidisha. Jimbo la Victoria linatoa jaribio la bahati mbaya. Huko sheria iliweka idadi ya wauguzi katika makao ya umma tu. Korona ilipolipuka mwaka 2020 na kuua wazee zaidi ya 600 wa makaoni, karibu wote walikuwa katika makao ya nje ya sekta ya umma, ya kampuni na ya mashirika ya hisani na ya dini. Makao ya umma mengi ni madogo na yako vijijini, kwa hiyo si haki kuhesabu tofauti yote kwa wauguzi. Lakini ona kwamba hisani na dini nazo hazikuwakinga waliokosa mikono.

Kuhusu ushindani sitakaa sana. Inasemwa kwamba familia itahamia makao bora, na mabovu yatafunga. Anayesema hivyo anawaza laini ya simu. Makao huchaguliwa hospitali inapotaka kitanda chake, mama amevunjika nyonga, na kuna nafasi mbili tu ndani ya kilomita 20. Mwenye kusahau hawezi kutoa taarifa, na kumhamisha mtu wa miaka 88 kutoka chumba alichozoea ni hatari yenyewe. Soko linahitaji mnunuzi anayeweza kuondoka.

Hoja ya mtaji ni nzito zaidi. Serikali hazina fedha, wazee wanaongezeka, lazima mtu ajenge. Kweli. Lakini kujenga na kutunza ni kazi mbili, na Japani ilizitenganisha kwa namna inayostahili kuangaliwa. Tangu mwaka 2000 kila Mjapani mwenye miaka 40 na zaidi huchangia bima ya utunzaji. Kodi hubeba nusu ya gharama inayobaki baada ya mtumiaji kulipa sehemu yake, na michango nusu nyingine. Mtumiaji huchangia asilimia 10, au zaidi akiwa na kipato kikubwa. Bei ya kila huduma hupangwa na serikali, na kampuni za biashara zimeruhusiwa kuhudumia wazee majumbani na kuendesha makazi ya aina fulani, lakini makao ya uuguzi wa kudumu yamebaki kwa mashirika ya ustawi na serikali za mitaa. Mfumo huo hauna utakatifu. Mwaka 2007 kampuni kubwa ya huduma za majumbani ilinyimwa kuendelea na leseni kwa udanganyifu wa idadi ya wafanyakazi, na leo Japani inahangaika na foleni ndefu na mishahara midogo. Ila udanganyifu ule uligundulika kwa sababu idadi ya wafanyakazi ilikuwa jambo la kudanganya kwalo: kulikuwa na namba ya kutimiza. Marekani ilijaribu kuweka namba, saa 3.48 za uuguzi kwa mkazi kwa siku, mwaka 2024. Mwaka uliofuata jaji wa Texas akaifuta kabla haijaanza kuuma.

Afrika Mashariki hupenda kuyasikiliza haya kwa kichwa kilichoinama kwa huruma. Wazungu hutupa wazee wao. Sisi tuna ukoo. Pingamizi hili ndilo ninalolichukulia kwa uzito kuliko yote, kwa sababu nusu yake ni kweli. Neno mzee kwetu ni cheo, na mtu mzima husalimiwa kabla ya kuulizwa shida. Lakini ukoo nao hutoa dakika, na dakika hizo zina mwenyewe: ni binti, au mke wa mtoto wa kiume, ambaye hakuna aliyezihesabu kwa kuwa hazikulipwa. Na heshima ya mwili si jambo rahisi hata ndani ya ukoo. Pwani mtu husema sitara kabla ya kusema utu. Nani atamwogesha baba mkwe? Mke wa mwanawe hawezi, ni aibu kwa wote wawili. Wana wa kiume wako kazini Muscat au Dallas. Mjukuu wa kike anaambiwa atoke chumbani. Mara nyingi anayemwosha mwisho wa yote ni mtu wa kulipwa, na mzee mwenyewe hupumua, kwa sababu mgeni anayejua kazi yake humfunika na kumtazama pembeni, wakati mtoto wa damu huona kile ambacho hakupaswa kukiona. Ulezi wa kulipwa si matusi kwa mila. Wakati mwingine ndio unaoisitiri.

Na tayari upo. Utunzaji wa wazee uliobinafsishwa haukusubiri kampuni yoyote kufika Nairobi au Dar es Salaam. Unaitwa dada wa kazi. Aliajiriwa kufua na kupika, mama alipopata kiharusi akaongezewa mama. Analala kwenye godoro chini ya kitanda cha mgonjwa, kwa hiyo zamu yake haina mwanzo wala mwisho, hakuna aliyemfundisha kuvuta shuka la katikati, na mgongo wake mwenyewe unaharibika akiwa na miaka 22. Hapa mabomba yale manne yameunganishwa kuwa moja: dakika zote, kwa mshahara mdogo kuliko wote. Mwenye nyumba si mwekezaji mwovu. Ni mwalimu au karani anayebanwa katikati, na tofauti yake na bodi ya Orpea ni kubwa kimaadili. Kwa mzee asiyegeuzwa tofauti hiyo ni ndogo.

Sheria zetu zina maneno mazuri. Katiba ya Kenya ya 2010, ibara ya 57, inataja haki ya mzee kuishi kwa heshima na kutunzwa na familia na serikali. Tanzania ina sera ya wazee tangu 2003. Zanzibar ilifanya zaidi ya maneno: Aprili 2016 ilianza kumlipa kila mwenye miaka 70 na zaidi pensheni ya shilingi 20,000 kwa mwezi, bila kuuliza kama aliwahi kuajiriwa, na baadaye ikapandishwa hadi 50,000. Ni kiasi kidogo, lakini humpa mzee sauti ndani ya nyumba, na mwenye kuchangia sukari hasemwi kwa sauti ileile. Ila pensheni hununua sukari, sabuni na dawa. Dakika hainunui, kwa sababu hakuna aliyeziweka mahali zinunuliwe kwa bei inayojulikana na kwa kipimo kinachokaguliwa. Pengo hilo ndilo makao mapya ya kulipia yanayochipuka katika vitongoji vya Nairobi yanakuja kuliziba, nayo hujitangaza kwa picha za bustani. Anayetaka kuyapima aache bustani aombe daftari la zamu ya usiku.

Mikono yenyewe, wakati huohuo, inasafiri. Februari 2022 Uingereza ilifungua viza kwa wahudumu wa wazee, na maelfu ya Waafrika, Wakenya wakiwemo, wakaenda. Wengine walilipa mawakala fedha nyingi wakafika wakakuta kampuni isiyo na kazi ya kuwapa. Waliopata kazi za majumbani walikutana na ziara za dakika 15: fungua kisanduku cha ufunguo kwa namba, piga hodi, mwamshe, mpeleke chooni, mpe dawa, pasha chakula, andika kwenye simu, toka, huku mwendo kati ya nyumba na nyumba mara nyingi haulipwi. Kuna wazee wa Leeds ambao neno pole wamelijifunza humo, dakika ya 13, mhudumu akivaa koti. Tarehe 22 Julai 2025 mlango ukafungwa kwa wahudumu wapya kutoka ng'ambo, ingawa uhaba wa mikono haukuwa umekwisha. Vyuo vya Nairobi na Mombasa vinavyofundisha utunzaji havikufunga. Kenya ilikuwa imetia saini mkataba wa uhamaji na Ujerumani Septemba 2024, na darasani sasa wanasoma Kijerumani pamoja na namna ya kumgeuza mgonjwa kwenye kitanda kinachopandishwa kwa kitufe. Msichana anayehitimu vizuri ataweza kumgeuza mzee wa Munich bila kumwamsha. Nyumbani kwao, bibi yake analala kwenye kitanda cha mbao kilichobana ukutani, upande mmoja haufikiki, na anayemgeuza ni dada wa kazi ambaye hakusoma kozi yoyote.